Kelele si Nguvu

Ninaandika insha hii kupinga jambo moja ambalo vijana wa rika langu wameligeuza kuwa dini: kwamba ukitaka gari au pikipiki yako iwe na nguvu kwa bei ndogo, kata salansa, tupa chujio la hewa, kisha kanyaga mafuta mpaka mtaa mzima ujue umepita. Jambo hili liko Mbarara mjini, liko Base Camp ya Nakivale, na liko Kajaho kwetu Oruchinga. Mwenye pesa analifanya kwa Subaru yenye tabo. Asiye na pesa analifanya kwa Bajaj Boxer ya kukodi. Ninasema wote wawili wanadanganywa, na gharama ya udanganyifu huo hawailipi peke yao.

Nieleweke tangu mwanzo. Mimi si mzee wa kukemea kila kinachokimbia. Nina miaka ishirini na miwili, nasomea ualimu wa Kiswahili hapa Mbarara, na kila likizo nashika spana kwa mjomba wangu ambaye ana gereji ndogo ya mabati. Mwendo naupenda. Mbio za magari za taifa zikija Mbarara, mimi ni mmoja wa wale wanaosimama kwenye kona tangu alfajiri na kurudi nyumbani wekundu kwa vumbi kama matofali. Kwa hiyo sisemi kwamba nguvu ni dhambi. Ninasema kwamba tunachouziwa si nguvu.

Kwenye benchi la wanaosubiri pale gereji, neno linalotajwa siku hizi kuliko mengine ni supachaja. Vijana wanaitazama kwenye simu: gari la michezo la Ulaya au Marekani, mtu anafungua boneti, anabadilisha kipande kimoja, gari linanguruma. Kisha wanamgeukia mjomba: "Mze, hiyo kitu inaweza kufungwa kwa Premio?" Anayeuliza anaweza kuwa hana hata baiskeli, lakini swali si la kijinga na nitalijibu kwa heshima.

Injini ni kinu cha kuchoma hewa na petroli pamoja. Tunadhani petroli ndiyo nguvu kwa sababu ndiyo tunayoinunua. Lakini kila gramu moja ya petroli inahitaji karibu gramu kumi na tano za hewa ili iwake vizuri, na kazi ngumu ya injini ni kuiingiza hewa hiyo. Injini ya kawaida huivuta yenyewe kama mtu anavyovuta pumzi. Supachaja ni pampu inayoisukuma hewa ndani kwa lazima, nayo huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye injini yenyewe. Tabo hufanya kazi hiyohiyo, ila huzungushwa na moshi unaotoka kwenda kwenye ekzosi. Hiyo ndiyo tofauti yote.

Kwa mtu wa Mbarara pampu hiyo ina maana zaidi kuliko kwa mtu wa pwani. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,400, na hewa ya juu ni nyepesi. Injini isiyo na pampu, ikiletwa hapa kutoka Mombasa au Dar es Salaam, hupoteza karibu sehemu moja ya saba ya nguvu zake. Gari lililokuwa na nguvu za farasi mia moja pwani, hapa linabaki na themanini na tano hivi, na fundi wala dereva hawana kosa. Kwa hiyo anayetamani supachaja huku kwenye vilima vya Ankole hatamani upuuzi.

Udanganyifu unaanza mtu anaposema ni rahisi. Kwenye magari yenye supachaja kuna ujanja mmoja wa bei ndogo unaojulikana dunia nzima, nao ni kubadilisha puli. Ukifunga puli ndogo zaidi kwenye supachaja, pampu inazunguka haraka zaidi kwa mwendo uleule wa injini, hewa inaongezeka, nguvu inaongezeka. Ni kipande cha chuma kinachoshikika kwa mkono mmoja. Hayo yote ni kweli, ila ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba hewa ikigandamizwa hupata joto. Yeyote aliyewahi kujaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono ameushika ule mpira wa pampu akajua. Hewa ya moto huifanya petroli iwake kabla ya wakati wake, na ndani ya injini utasikia mlio kama wa mtu anayegonga bati kwa kijiko. Hewa ikiongezeka bila petroli kuongezeka, mchanganyiko unakuwa mkavu na joto linapanda zaidi. Mwisho wa safari hiyo ni pistoni iliyotoboka.

Uongeze na petroli yetu yenyewe. Mafuta ya taa yakichanganywa kwenye petroli, uwezo wake wa kuhimili mgandamizo unashuka, na injini iliyosukumiwa hewa ndiyo ya kwanza kuumia. Uchakachuaji huo si uvumi wa benchi: serikali ya Uganda ina mpango maalumu wa kutia alama kwenye mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike kituoni. Nchi haiwezi kutia alama kwenye mafuta yake kwa sababu ya kitu kisichokuwapo.

Watu wa kiwanda wanalijua hili. Katika miaka ya 1980 Toyota walitengeneza injini ya lita 1.6 yenye supachaja, ile iliyoitwa 4A-GZE, wakaifunga kwenye gari dogo la michezo la MR2. Hawakuchukua injini ya kawaida wakaibandika pampu. Walishusha mgandamizo wa injini, wakaweka pistoni imara zaidi, na wakaongeza kipoza hewa ili hewa iliyogandamizwa ipoe kabla ya kuingia. Kampuni yenye wahandisi maelfu iliogopa kuongeza pampu peke yake. Sisi tuna spana tatu na simu iliyopasuka kioo, na hatuogopi.

Kwa hiyo swali la mjomba akiulizwa kuhusu Premio huwa moja tu: "Hiyo pesa ya pampu unayo. Pesa ya injini ya pili unayo?" Bei nafuu ya kitu si ile unayolipa siku ya kukinunua. Ni ile unayolipa mpaka siku unapoachana nacho. Ukiipima hivyo, puli ndogo ni mojawapo ya vitu ghali kabisa vinavyoweza kufungwa kwenye gari la mtu maskini.

Nimeanza na supachaja kwa sababu ndiyo ndoto. Sasa tushuke kwenye kile kinachofanyika kila siku, maana wanaoota ni mamia na wanaofunga ni wachache, lakini wanaokata salansa hawahesabiki.

Boxer ya CC 100 ina nguvu za farasi nane hivi. Mtu anaikata salansa na kuitupa chujio akiamini kwamba ameifungua. Angalieni neno hilo, wenzangu wa darasa la Kiswahili: kufungua. Gereji zote wanasema "nifungulie pikipiki". Ukikata bomba la maji la nyumba yako husemi umelifungua, unasema umelikata. Lakini kitenzi kizuri kimeazimwa, na kazi mbaya imevaa nguo ya sherehe. Ukweli wa fundi ni kwamba kabureta ya Boxer imepimwa kiwandani pamoja na salansa yake na chujio lake. Ukiviondoa, mchanganyiko unakuwa mkavu, na mara nyingi pikipiki inapungua nguvu pale pale unapoihitaji: ukiondoka, ukipanda mlima, ukibeba abiria na gunia. Kinachoongezeka ni sauti. Masikio yanauambia moyo kwamba tunakimbia zaidi, na moyo unaamini. Waliotutangulia walishasema debe tupu haliachi kuvuma.

Kuhusu chujio nina hasira ya peke yake. Barabara za ndani ya Nakivale na Oruchinga ni za murram, na miezi ya Juni mpaka Agosti vumbi lake linaingia mpaka kwenye sanduku lililofungwa kwa kufuli. Vumbi hilo ni mchanga, na mchanga ni msasa. Injini inayovuta hewa bila chujio inajipiga msasa yenyewe kila inapozunguka, maelfu ya mara kwa dakika. Baada ya msimu mmoja inakula oili na inatoa moshi wa bluu, na mwenyewe anamlaumu Mhindi aliyeitengeneza. Nimezifungua injini hizo kwa mikono yangu. Silinda imechakaa kama kisigino cha sandali, na kwenye kisanduku cha chujio kuna kitambaa, au hakuna kitu.

Na nyingi ya pikipiki hizo si za wanaoziendesha. Ni za mwenye nazo aliyeko mjini, anayelipwa kila jioni, au ni za mkopo ambao haujaisha. Tangu mwaka 2020, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoanza kupunguza posho kwa wakimbizi wa Uganda kwa kukosa fedha, familia nyingi za kwetu zinaegemea ile hela ya jioni. Pikipiki ikifa, mtoto anarudishwa kutoka shule. Injini hapa si starehe ya mtu mmoja. Ni karo, ni sabuni, ni dawa.

Kuna wanaoniambia kwamba magari ya mashindano nayo yanapiga kelele, hivyo kelele na ushindi ni ndugu. Basi twende huko kwenye mashindano, maana historia ya Afrika Mashariki inanisaidia mimi kuliko inavyowasaidia wao.

Safari Rally ilianza mwaka 1953, na katika miaka yake ya mwanzo ilipita Kenya, Tanganyika na hapa Uganda. Ilijulikana dunia nzima kuwa mbio zinazoua magari. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, ambaye kwanza alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva, aliishinda kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Mwaka 1974 aliishinda tena kwa Mitsubishi Lancer yenye injini ya CC 1,600, na aliyemfuata nyuma, Björn Waldegård, alikuwa na Porsche 911. Hebu rudia kusoma: Lancer ndogo mbele, Porsche nyuma. Mwaka 1976 alirudia na Lancer.

Kisha kuna Shekhar Mehta. Alizaliwa hapa Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, familia yake ikapoteza nchi na yeye akaendelea na maisha Kenya. Mwaka uliofuata, 1973, alishinda Safari kwa Datsun. Akaja kushinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982, mara nne mfululizo, kwa Datsun zisizokuwa na supachaja wala tabo. Mtu aliyelazimika kuikimbia Uganda anashikilia ushindi mara tano wa mbio hizo. Najiuliza kwa nini watoto wa kambi wanajua majina ya magari ya Marekani na hawalijui jina hilo.

Na supachaja je? Lancia ya Italia walitengeneza gari la 037, zuri kupita kiasi, lenye supachaja nyuma ya kiti cha dereva. Mwaka 1983 liliwapa ubingwa wa dunia wa watengenezaji. Safari halikuwahi kuishinda hata mara moja. Mwaka huohuo wa 1983 Safari ilichukuliwa na Ari Vatanen kwa Opel Ascona 400, injini inayovuta pumzi yake yenyewe. Sisemi kwamba pampu ya hewa haina kazi, maana miaka iliyofuata Toyota walishinda kwa Celica zenye tabo. Ninasema kwamba kwenye barabara zetu, nguvu ilikuja mwisho wa orodha. Kabla yake kulikuwa na shokapu, tairi, breki, sampu isiyopasuka ikigonga jiwe, na dereva anayejua mto unafurika wapi. Hata hapa kwetu, Susan Muwonge alipokuwa bingwa wa taifa wa Uganda mwaka 2011, aliwashinda wanaume wenye magari ya aina ileile ya kwake. Tofauti haikuwa kwenye boneti.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, maana pistoni zikitoboka ni hasara ya mwenye nazo, lakini hili ni letu sote.

Kuna mchezo unaitwa kupiga risasi. Mwendesha pikipiki akiwa kwenye mwendo anazima swichi huku akiwa ameshika mafuta, petroli isiyowaka inajaa kwenye bomba la moto, kisha anawasha. Inalipuka: pa! Wenye ujuzi wanaweza kuifanya ipige tatu au nne mfululizo. Wenye Subaru wanalipa fundi awapangie injini ilipuke yenyewe kila wakiachia mafuta. Mjini Mbarara watu wanaruka, wanatukana, wanaendelea na safari. Lakini mchezo huohuo umehamia Nakivale.

Nakivale na Oruchinga ni makazi yaliyoanza kupokea watu waliokimbia Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baada yao wamekuja Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea. Hakuna kijiji pale kisichokuwa na mtu aliyeusikia mlio huo ukiwa wa kweli. Shangazi yangu anaishi Base Camp, na jirani yake ni mama aliyetoka Rutshuru, akavuka Bunagana mwaka 2022, wakati M23 walipouteka mji ule. Nilikuwa pale jioni moja ya mwezi wa nane. Yule mama alikuwa nje akichagua maharagwe kwenye ungo. Boxer mbili zikapita barabarani zikishindana, na ya nyuma ikapiga mara tatu. Sikumwona akisimama. Nilichoona ni ungo uko chini, na mama hayupo. Tulimkuta ndani, chini ya kitanda, amewalalia wanawe wawili, na mkono wake umemziba mdogo mdomo ili asilie.

Shangazi alimwambia, "Mama, ni moto tu, ni watoto wa boda." Alitoka baada ya muda mrefu. Hakusema neno kwa mtu. Alichuchumaa akaanza kuokota maharagwe kwenye vumbi, moja moja, kwa sababu yalikuwa ya wiki nzima. Watoto wa majirani walicheka kidogo, kisha wakaacha, wakaja kumsaidia.

Sihitaji hoja nyingine baada ya hiyo, lakini najua wenzangu wana za kwao, na haki ni kuzisikiliza.

Wanasema kelele inaokoa maisha, kwamba mtembea kwa miguu anakusikia unakuja. Bomba la ekzosi linatazama nyuma. Anayelisikia vizuri zaidi ni yule uliyekwisha kumpita. Ukitaka wa mbele ajue unakuja, kuna honi, kuna taa, na kuna kupunguza mwendo.

Wanasema ni pesa yao. Kama pikipiki ni ya kukodi, si kweli. Kama ni yao, ni kweli kwa upande wa injini, lakini masikio ya yule mama hawakuyanunua.

Wanasema, na hapa wananigusa, kwamba kambini hakuna raha. Kazi hakuna, ruhusa nyingi, foleni nyingi, siku zinafanana. Dakika tano za kupaa barabarani ndizo dakika pekee ambazo kijana anajiona anakwenda mahali. Hilo nalielewa kwa sababu mimi pia nimekulia humo. Simnyimi mtu raha. Ila raha inayomrudisha jirani yako chini ya kitanda imekopwa kwake bila kumwomba. Tena ni raha ya uongo: hukupaa, ulipiga kelele tu.

Upande mwingine wako wazee, nao sikubaliani nao. Kwenye mikutano husikia wakisema dawa ni polisi: pikipiki zote zenye kelele zikamatwe, vijana walale ndani. Ukiikamata Boxer ya kukodi, mwenye kulala njaa ni mtoto wa dereva, na fundi aliyekata salansa kwa msumeno anaendelea kukata nyingine. Mwenye pikipiki aliyenyamaza kwa sababu hela ya jioni ilikuwa inaingia, naye haguswi. Adhabu inayomfikia mdogo peke yake haitamaliza kitu. Na kijana akishaambiwa tu "acha", bila kuonyeshwa cha kufanya badala yake, ataacha mchana na kurudia usiku.

Basi cha kufanya badala yake ni hiki. Kwa anayetaka chombo chake kiwe bora kwa pesa kidogo, awe na Subaru au Boxer, mpangilio wa matumizi uwe huu.

Anza na tairi. Ndiyo pekee inayogusa barabara, na sehemu inayogusa kwa pikipiki haizidi kiganja. Tairi lenye meno na upepo sahihi litakupitisha kwenye kona ambayo injini yoyote ingekutupa. Kupima upepo hakugharimu chochote.

Fuata breki. Mwendo ukitoka kilomita 40 kwa saa ukafika 80, umbali wa kusimama baada ya breki kukamata hauwi mara mbili, unakuwa mara nne. Kwenye 80 unapita mita 22 kila sekunde. Ukishtuka sekunde moja, umeshapita nyumba mbili kabla hata hujagusa breki. Badilisha pedi kabla hazijafika chuma. Kwenye gari, badilisha na oili ya breki, maana inanyonya unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka, na siku unashuka mlima mrefu maji hayo yanachemka na pedali inazama mpaka sakafuni. Hakuna anayepiga picha oili mpya ya breki, lakini dereva anayejua kwamba atasimama ndiye anayeweza kwenda haraka bila woga. Hiyo ndiyo nguvu ya kweli, na inauzwa kwa chupa ndogo.

Tatu, shokapu. Nne, uzima wa injini: oili kwa wakati, chujio safi, plagi safi, valvu zilizopimwa, mnyororo uliokazwa na kutiwa oili. Boxer iliyochoka ikifanyiwa haya inarudisha nguvu ambazo hakuna salansa iliyokatwa imewahi kuzileta. Tano, uzito. Toa vyuma, spika na mapambo usiyoyahitaji. Kilo ulizozitoa ni nguvu usizozinunua. Sita, wewe mwenyewe: jifunze kushika kona, kushika breki ya mbele bila kuanguka, kusoma murram iliyolowa.

Ukishamaliza hayo sita, na pesa bado ipo, na una gari lenye supachaja kweli, njoo tuzungumze habari za puli. Utaikuta gereji ipo. Ila njoo na pesa ya kipoza hewa na ya kupanga upya petroli kwa siku hiyohiyo.

Kwa mafundi nina ombi. Gereji zetu ni mahali ambapo Mkongomani, Mrundi, Msomali na Mnyankole wanaelewana kwa Kiswahili. Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi mwezi wa saba mwaka 2022, lakini Kiswahili cha gereji hakikulisubiri. Lugha hiyo tumeitumia kusema "kufungua" badala ya kukata, na "kupiga risasi" kama sifa. Tunaweza kuitumia kusema kweli. Mteja akija na salansa nzima akitaka ikatwe, mwambie kwa jina lake: nitakuharibia pikipiki kwa pesa yako, unataka? Wengi watarudi nyumbani.

Kwa wenyeviti wa stendi za boda: mna sheria za foleni na za michango, ongezeni moja kwamba hakuna kupiga risasi ndani ya makazi, na anayevunja anakaa bila kubeba abiria siku nzima. Adhabu ya stendi inaumiza bila kumnyang'anya mtu chombo. Kwa wenye pikipiki mlioko mjini: ziangalieni salansa zenu mkija kupokea hela.

Na kwa wenzangu wa benchi: likizo ya mwezi wa kumi na mbili nitakuwa kwa mjomba, kila siku isipokuwa Jumapili. Leteni pikipiki. Kukagua breki na upepo wa tairi hatutoi hata shilingi moja. Anayetaka kubishana kuhusu Porsche na Lancer, chai ipo.